Kipimo cha chumvi ya akwariamu: uzoefu wangu hapa Goma, miaka mitatu na vipimo vitatu

Jambo ndugu zangu. Juu watu watatu wameniuliza mwezi huu huu ni kipimo gani cha chumvi wanunue, naona heri niandike yote pamoja, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie. Niko Goma, kwartie Himbi, nina akwariamu ya maji ya bahari ya litre 120 hapa sebuleni, mwaka wa tatu sasa, ndani mna samaki klaun wawili, konokono, matumbawe laini na kamba. Bahari iko mbali na sisi zaidi ya kilomita 1,000 kwa hiyo hatuendi kuchota kule, tunanunua chumvi ya akwariamu ya ndoo, inapitia Kigali inavuka mpaka wa Grande Barrière, alafu maji tunakoroga wenyewe nyumbani. Ndiyo maana kipimo ni roho ya hii kazi, ukikipata kinakudanganya basi na maji yote uliyokoroga ni ya uongo.

Cha kwanza nilichonunua ni kile kisanduku cha plastiki chenye mshale ndani, unakijaza maji, mshale unapanda, unasoma namba. Dola 12. Maji ya bahari kwa kawaida yana gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, na ukilinganisha uzito wake na maji matupu ni kama 1.026 maji yakiwa na joto la digri 25. Kisanduku changu kiliniambia 1.025 kila Jumamosi, miezi minne mfululizo, na mimi nikalala usingizi. Samaki walikuwa wanakula vizuri hakuna shida, samaki huwa wanavumilia. Ila matumbawe yalikuwa yanajifunga, yanashinda siku nzima yamekunjamana, na kamba wangu wawili, wale wenye mgongo mwekundu na mstari mweupe wanaosafishaga samaki, walikufa siku mbili zinafuatana. Wa pili nilimkuta pembeni ya pompa amelala ubavu, miguu bado inachezacheza, mtoto wangu mdogo akaniuliza "papa, anaumwa nini?" na sikuwa na jibu. Iliniuma sana juu wale kamba walitoka pwani ya Kenya, wamepita ndege na mipaka miwili wakafika wazima, wakafia kwangu.

Jibu nilikuja kulipata usiku mmoja umeme umekatika nikiwa na tochi. Nikamulika kile kisanduku kwa karibu kabisa nikaona vipovu vya hewa vidogo vidogo kama mbegu za ulezi vimeshika chini ya mshale. Nikakigonga kwa kidole, vikaachia, na mshale ukashuka pale pale mbele ya macho yangu kutoka 1.025 mpaka 1.022. Kumbe vile vipovu ndivyo vilikuwa vinaunyanyua. Yaani maji yangu yalikuwa kwenye gramu 29 hivi za chumvi kwa kilo, siyo 33 vile nilikuwa naamini. Na kuna ubaya wa upande mwingine, chumvi na chokaa zikikaukia juu ya mshale unakuwa mzito, sasa unasoma chini kuliko ukweli. Kwa hiyo leo kinadanganya kwenda juu, kesho kwenda chini, na wewe huwezi kujua ni siku gani. Mtu akiwa nacho asitupe, ila akigonge gonge kila mara anapopima, akioshe kwa maji safi akimaliza, na asikiamini peke yake kama ana kamba ao matumbawe.

Ya pili ndiyo refraktomita, ile inafanana na darubini ndogo. Nililipa dola 28 kwa muuzaji mmoja wa Kigali. Unaweka matone mawili matatu juu ya kioo, unafunga kifuniko, unaelekeza kwenye mwanga, ndani unaona buluu juu na nyeupe chini, pale rangi zinapokutana ndiyo namba yako. Inafanya kazi kwa sababu maji yenye chumvi yanakunja mwanga kuliko maji matupu. Yangu imeandikwa ATC, maana yake inajirekebisha yenyewe kufuatana na joto, kati ya digri 10 na 30, na hilo kwa Goma ni muhimu kweli juu asubuhi nyumba ni baridi wakati maji ya akwariamu yako 25 ao 26. Weka tone, subiri kama nusu dakika lipate joto moja na chombo, alafu ndiyo usome. Watu wanasomaga haraka haraka ndiyo maana hawapatani.

Sasa hapa ndipo nataka kukaa kidogo, juu ndiyo kosa ambalo mtu wa Goma analifanya na wa kwingine pengine halifanyi. Karatasi iliyokuja nayo inasema uiregle, yaani uirekebishe, kwenye sifuri kwa maji matupu. Mimi nikafungua robine (bomba la maji), nikaweka tone, nikazungusha ile skuru kwa turnevisi mpaka mstari ukakaa kwenye 0, nikaridhika. Lakini maji ya robine hapa kwetu yanatoka ziwani, na ziwa Kivu siyo maji matupu! Juu juu tu ya ziwa, maji tunayooga na kupikia, yana karibu gramu 1 ya madini kwa kila litre, magneziamu mingi na bikaboneti mingi, juu ya hizi volkano na chemchemi zinazoingia chini kule. Nilikuwa nimeiambia refraktomita kwamba 1 ndiyo 0. Na msinikimbilie kuniambia maji ya mvua, mvua ya huku inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo inashuka na asidi na fluori, sitaki iingie kwenye akwariamu yangu.

Suluhisho ni rahisi, liko kila farmasi. Nunua zile ampule za maji ya kuchanganyia dawa ya sindano, yameandikwa "eau pour injection", ni maji safi kabisa, moja ya mililitre 10 inatosha kuregle mara nyingi. Ila uangalie sana kijana asikupe serum fiziolojiki, vichupa vinafanana, ile ina chumvi gramu 9 kwa litre itakuharibia kabisa. Nilipoiregle kwa ampule alafu nikapima robine, ikaonyesha pale pale karibu na 1.

Nikafikiri nimemaliza. Kumbe bado. Yaya mmoja, yaani mkubwa wangu, wa Bukavu ambaye ana akwariamu kubwa kuliko yangu akanitumia kwa boti sashe (kipakiti) ya maji ya kulinganishia, yale ambayo kiwanda kimeyatengeneza yawe 35 kamili. Nikaweka tone, nikasoma 36 na nusu. Nikafuta, nikaweka tena, 36 na nusu. Nikampigia simu, nikamwambia yaya sashe yako imeharibika, akacheka akasema hapana, refraktomita yako ni ya chumvi ya jikoni. Akanielewesha polepole: hizi za bei ndogo nyingi mistari yake imechorwa kwa chumvi tupu ya kupikia, na chumvi ya bahari ndani yake mna magneziamu, salfati, kalsiamu, inakunja mwanga zaidi kidogo. Maji ya bahari ya 35 yanakunja mwanga sawasawa na maji ya chumvi ya jikoni ya 36.5. Kwa hiyo hata ukiiregle 0 vizuri kabisa, kule juu itazidisha moja na nusu. Mimi na robine yangu nilikuwa nimeishusha moja huku yenyewe inazidisha moja na nusu, makosa mawili yalikuwa yanafichana, nikawa karibu na ukweli kwa bahati tu.

Toka siku ile siiregli tena kwenye 0. Naweka tone la 35, nazungusha skuru mpaka mstari ukae kwenye 35, basi. Maji yangu hayakai 0, yanakaa 35, kwa nini nihakikishe kipimo mahali ambapo sipimi? Kama kuna jambo moja tu utalichukua hapa, chukua hilo.

Sashe zinaisha na Goma hazipatikani, kwa hiyo nikajifunza kutengeneza yangu. Chumvi ya jikoni gramu 3.65, maji safi gramu 96.35, ukichanganya unapata maji ambayo kwa refraktomita ni sawa na bahari ya 35. Ila nani ana balansi ya kupima gramu 3.65? Nikaenda mtaa wa Birere kwa muze mmoja anayetengeneza pete na heleni za dhahabu. Chumvi nilikuwa nimeikaanga kwanza kwenye sufuria kavu juu chumvi yetu inashikaga unyevu, na unyevu ukiingia kwenye mizani unapima maji siyo chumvi. Muze akaniangalia: "Ni chumvi tu, papa? Hakuna kitu ingine ndani?" Nikamwambia ni ya kupimia maji ya samaki. Akavua miwani akaipangusa, akaweka kikaratasi kwenye balansi, akairudisha sifuri, akawa anadondosha chembe kwa ncha ya kijiti mpaka ikasoma 3.65, ikaenda 3.66, akaondoa chembe mbili. Alinipimia na maji pia, ampule kumi tulizivunja moja moja. Nilimpa franga za soda akakataa mara ya kwanza. Jioni nikalinganisha na sashe ya mwisho ya yaya, mstari mmoja kabisa, sikuona tofauti.

Iodini iliyo ndani ya chumvi yetu isiwatishe, ni kidogo mno haibadilishi kitu. Na haya maji ya kutengeneza ni ya refraktomita tu, usiyatumie kwa kalamu ya umeme ambayo naisema sasa hivi, ile hesabu yake ni nyingine.

Cha tatu ni hiyo kalamu, Hanna HI98319. Mpaka ifike mkononi mwangu ilinitoka zaidi ya dola 100 na nilikusanya miezi. Yenyewe haiangalii mwanga, inapima jinsi umeme unavyopita kwenye maji, maji ya bahari ya kawaida kwa digri 25 yanapitisha karibu milisimensi 53 kwa sentimita, alafu inakugeuzia kuwa namba ya chumvi na inakupa na joto papo hapo. Inasoma mpaka sehemu ya kumi, 34.8, 34.9, na hiyo ndiyo iliniokoa kwa jambo ambalo refraktomita nilikuwa siwezi kuliona. Maji ya akwariamu yanapanda hewani, kwangu litre 2 kwa siku, chumvi inabaki. Nilikuwa naongezea maji ya robine. Kalamu ikawa inaniambia kila mwezi namba imepanda nusu, 35.0, mwezi ujao 35.5, na hesabu inakubali: litre 2 kila siku na gramu 1 ndani ya kila litre, mwezi mzima ni gramu 60, gawanya kwa litre 120, nusu gramu. Mwaka ukiisha ni 6! Kwa hiyo nikanunua kichujio cha osmosi, kile kinachoondoa madini kwenye maji, na pompa ndogo ya kusukuma juu presha ya robine yetu ni dhaifu, na namba ikatulia.

Mabaya ya kalamu: inataka sashe zake yenyewe za 35, betri, na kuoshwa kila mara kwa maji safi la sivyo chumvi inakauka ndani na inaanza kusoma ovyo. Itikise ndani ya maji vipovu vitoke. Mimi nachota maji kwenye kikombe napimia pale, siizamishi kwenye akwariamu, juu pompa na hita zikivujisha umeme kidogo namba inarukaruka.

Yaya wa Bukavu yeye anatumia Milwaukee MA887, ya dijitali lakini ya mwanga, unadondosha matone unabonyeza inakupa namba, macho hayachoki. Nimeijaribu ni nzuri kwa mtu mzima ambaye hasomi mistari midogo, ila kiwanda chenyewe kinasema inaweza kukosea mpaka 2 juu ao chini, kwa hiyo dijitali haimaanishi sahihi zaidi, refraktomita ya dola 28 iliyoregliwa vizuri inaishinda. Na zile haidromita ndefu za kioo zinazoelea ni sahihi sana kweli, lakini na hizi barabara zetu za mawe ya lava sikushauri uagize, rafiki yangu yake ilifika vipande.

Kwa mwenye pesa ya kitu kimoja: refraktomita yenye ATC pamoja na maji ya 35, usinunue moja bila ya nyingine. Ukipata zaidi baadaye ongeza kalamu, upime kwa zote mbili, zikipishana zaidi ya 1 usiguse maji, regle vipimo kwanza. Kamba niliowaleta mara ya pili wana mwaka na miezi miwili sasa na mmoja amebeba mayai.

Maji yenu ya 35 myaweke kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kubana na muandike tarehe, mimi natengeneza mapya kila baada ya miezi miwili, juu chupa ikikaa wazi maji yanapanda hewani chumvi inabaki, inakuwa 36, 37, na kipimo chako kitaifuata huko huko.