Pikipiki yangu ya Yamaha DT nilipeleka isafishwe eya klina (filta ya hewa), nikarudishiwa vumbi ndani ya injini

Niambieni, fundi gani anapuliza kompresa ndani ya boksi la filta huku ile njia ya kwenda kabureta iko wazi, hajaziba hata na kitambaa? Basi huyo ndiye niliyempa pikipiki yangu. Gereji iko hapa Arua mjini, Uganda, jina sitaji, wenye DT wataijua tu.

Ilikuwa kiangazi, ule wakati barabara ya kwenda Rhino Camp inakuwa vumbi jekundu tupu, ukiwa nyuma ya lori huoni mbele wala pembeni, unaomba Mungu tu lisifunge breki. Kazi yangu iko huko, naenda narudi, kwa hiyo sponji ya eya klina huwa naiosha mwenyewe nyumbani na najua inavyotakiwa. Safari hii nyumbani kulikuwa na wageni, nafasi sina, nikasema acha nimpe fundi, si kazi kubwa, akataja elfu kumi na tano nikalipa hapo hapo bila kubembeleza bei.

Nikakaa kwenye benchi. Akachomoa sponji akaitumbukiza kwenye kopo la petroli. Petroli jamani! Petroli inakula gundi ya pale sponji ilipounganishwa, na sponji yenyewe ukiizoesha inakauka inaanza kumeguka vipande, na hivyo vipande vinaenda wapi kama si kwenye kabureta? Watu huosha na mafuta ya taa, halafu maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, unaminya tu husokoti, unaanika kivulini mpaka ikauke kabisa. Nikamuuliza kwa heshima, boss, mafuta ya taa hakuna? Kimya. Akaisokota, akaipiga upepo wa kompresa karibu karibu mpaka sponji ikawa inapepea, halafu akageuza mpira wa kompresa akaelekeza kwenye boksi.

Hapo nikasimama. Nikamwambia ziba kwanza hilo shimo, unaniingizia mchanga. Unajua alinijibu nini? Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Mwalimu, hiyo ni sponji tu, hata ya kuoshea vyombo inaingia hapo. Wewe kazi yako kuendesha." Mimi si mwalimu. Na watu wa boda waliokuwa wanangoja pancha wakacheka, mmoja akapiga makofi kabisa.

Sasa nieleze kwa nini niliwaka, maana kuna watu wataona nakuza mambo. DT ni tustroki (two-stroke). Hewa ikitoka kwenye kabureta haiendi moja kwa moja juu ya pistoni, inapita kwanza chini, kule kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiwa imechanganyika na petroli. Kwa hiyo vumbi likipita linasaga beringi za krenki kwanza, linapanda linasaga pistoni na ringi na ukuta wa silinda. Kompresheni, yaani ule mgandamizo ndani ya silinda, inashuka, asubuhi unapiga kiki mpaka goti linauma, na mwisho ni kuboa silinda, yaani kuichonga iwe pana, na kununua pistoni ya saizi ya juu. Yote sababu ya mtu aliyeona uvivu kuokota kitambaa!

Oili nayo akapaka ile nyeusi, oili iliyomwagwa kutoka injini ya mtu mwingine, iko kwenye jerikeni iliyokatwa mdomo. Mimi nilibeba kichupa changu cha oili ya filta, nilikiagiza Kampala kikaja na basi la usiku, kiko mkononi namwonyesha. Ile inanata, haitiririki, na ina rangi kwa hiyo sehemu ambayo haijapata unaiona wazi. Unaweka sponji ndani ya kavera safi, mfuko wa plastiki, unamimina kidogo, unaikanda kama unga wa chapati mpaka rangi ienee kote, unaminya ile ya ziada itoke. Hata hakukishika.

Baada ya siku chache nikafungua mwenyewe. Upande wa juu wa sponji ulikuwa mkavu, rangi ya udongo, oili yote imeshuka imetuama chini ya boksi. Pale kwenye mshono gundi imeachia, nikipitisha kidole gumba kinatokea upande wa pili. Ukingoni hakuna hata tone la grisi. Nikafuta ndani ya ule mpira wa kabureta kwa kidole, kikatoka na tope jekundu, nikilisugua linakwaruza, chembe chembe za mchanga kabisa. Nikarudi kwake na sponji mkononi. Akasema, "Si umepita kwenye vumbi?" Ndiyo, nimepita kwenye vumbi! Filta ni ya nini sasa, ya kupitia majini?

Haya, nisiwe mbaya, klachi jamaa anaijua. Mwaka uliopita alinibadilishia plati nikasahau kama kuna klachi, na umeme wa DT, ile magneto, sijaona mtu hapa mjini anayemshinda, na bei zake si za wizi. Kwa hiyo mtu wa klachi aende tu. Lakini nikikumbuka lile neno la sponji ya vyombo, hapana, hata klachi asipewe, mtu anayedharau kitu kidogo hivyo atakuwa anaruka vingapi ndani ya injini ambavyo wewe huvioni?

Aliyeniokoa ni kijana wake wa spana, dogo tu. Alinifuata nje huyo bosi wake akiwa kwenye simu, akaniambia, "Mzee, njoo Jumapili asubuhi, yeye huwa kanisani." Nikaenda, sikuamini sana. Akaanza kwa kuziba shimo na kitambaa safi kabla hata sijafungua mdomo. Akafuta boksi kwa mkono. Sponji mpya niliyonunua akaipaka oili yangu taratibu, akaishika juani akaizungusha kutafuta doa kavu, akalipata moja, akarudia. Grisi ukingoni, akabonyeza pande zote kuona imekaa. Pesa aliyotaka ni ya soda.

Sasa nyota ngapi nawapa, sijui. Bosi sifuri, dogo zote tano. Ukienda ukamkuta dogo, mpe pikipiki ukanywe chai. Ukamkuta mwenyewe, usitoke kwenye benchi, na akishika tu mpira wa kompresa nyang'anya ufunguo. Injini imeanza kupiga kelele kidogo kule chini nikivuta mafuta mengi, nasubiri nione kama ni beringi, na ikiwa ndiyo nitampelekea bili pale pale mbele ya watu wake wa boda. Na ile elfu kumi na tano yangu airudishe.