Taa za kukuzia mimea ndani: kabla hujauliza wati, igeuze uone draiva imekaa wapi

Jamani wiki hii nimeulizwa tena, na watu watatu, ninunue taa gani nioteshe giligilani na mrehani ndani, na wote wameanza na lile lile la wati ngapi. Ngoja niwasimulie. Mi nakaa Sinza, nyumba ya chini, dirisha la jikoni linatazamana na ukuta wa jirani, jua linapita kunisalimia dakika kumi afu linaenda zake. Mwaka jana nikanunua taa moja ya zambarau, boksi limeandikwa 1000W, nimefika nyumbani nimeipima na kile kipimo cha kuchomeka ukutani inakula wati 87. Hilo sawa, uongo wa boksi tumeshauzoea. Kilichonitoa roho ni wiki ya sita, saa nane usiku harufu ya plastiki inaungua, nakurupuka nakuta kifeni cha ndani kimesimama kwa vumbi na draiva imefungiwa mle mle kwenye boksi la plastiki, imekaa juu ya LED zinazochemka. Kumrudishia muuzaji ananiambia dada, umeme wa mtaani kwenu ndo mbovu, afu ananionyesha kwa kidole pale kwenye risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Draiva ni kile kidude kinachopokea umeme wa ukutani kikaugeuza uwe ule wa kulisha LED. Ndani yake kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, na kapasita na joto haziivi kabisa, joto likipanda digrii 10 umri wake unapungua karibu nusu. Sasa chumba changu mwezi wa pili kinasoma 32 kabla sijawasha kitu! Na taa ikila wati 100 basi wati zote 100 zinaishia kuwa joto humo chumbani, hata ule mwanga ukishatua kwenye majani na ukuta. Nafuu ya LED ni kwamba joto lake kubwa linatokea mgongoni, haliwaangukii mimea kama zile balbu za zamani, kwa hiyo mgongo ndo wa kukagua. Bati la aluminiamu nene, wazi, bila feni, na draiva ambayo fundi anaweza kuitoa akaiweka pembeni.

Kwangu namba moja ni Spider Farmer SF1000 na sijifichi, naipenda. Wati 100 za kweli, haina feni wala kelele, mwanga mweupe wa kawaida unaoona rangi ya jani vizuri, ina kitufe cha kupunguza mwanga. Draiva yake inakuja imefungwa mgongoni, hilo linanikera, ila fundi wangu alifungua skrubu akaongeza waya wa mita moja akaitundika ukutani, na bati nikishika sasa silitoi mkono mbio kama mwanzo. Usijaribu mwenyewe, ni 230V hiyo.

Mars Hydro TS1000 inafuata, wati 150, nzuri tu, ila kwa meza ndogo kwenye joto la Dar hizo 50 za ziada unalipia mara mbili, kwenye luku na kwenye feni. Kama una shelfu ya mchicha au letusi basi chukua mirija ya Barrina, joto linasambaa kwenye urefu wote, lakini soma lebo mara tatu maana zipo zilizotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa 120V, ukichomeka hapa ndo umeaga. Balbu za Sansi za kauri kwa chungu kimoja cha nanaa zinatosha, usizifunge tu ndani ya kifuniko cha taa kilichozibwa.

Za bei poa? Tyubu nyeupe ya LED ya dukani, ining'inize karibu na miche. Za zambarau sizungumzii.

Kingine, watu wanaweka mkono chini ya taa wakisikia baridi wanasema iko poa. Mkono unapima joto, haupimi mwanga. Jani linaweza kupauka juu kuwa jeupe na mkono haujasikia kitu, hapo inua taa au punguza kitufe. Jani likijikunja kingo juu kama mtumbwi, hilo mara nyingi ni joto, washa feni. Mche ukirefuka mwembamba kama fito unatafuta mwanga, shusha taa. Mi natumia app ya kupima mwanga kwenye simu, kwa mboga za majani nalenga lux 12,000 mpaka 15,000 pale juu ya majani, miche midogo naipa nusu yake.

Na mchana siwashi. Taima yangu inawasha saa moja jioni inazima saa moja asubuhi, ili joto la taa lisikutane na joto la mchana, maana joto ni moja ya vitu vinavyoifanya giligilani ikimbilie kutoa maua. Hiyo ni unit 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi, na wewe uliye kwenye ile bei ya chini ya TANESCO piga hesabu kwanza, ukizidisha unit 75 kwa mwezi unahamishwa, na hapo shilingi elfu yako inakuja na unit mbili na ushee.

Bei sijaandika makusudi maana kila nikiuliza napewa tofauti. Huyu anaongeza ya mzigo kwa kilo, yule ushuru, mwingine anaposti picha kumi za taa na chini anaandika "bei DM". Nimemwandikia. Akaniuliza niko wapi, nikasema Sinza, ikapanda elfu thelathini.