Netflix, Disney+ au YouTube Kids: anza na ile alama ya kujumlisha

Wazazi wanaolipia huduma za filamu mtandaoni wana lalamiko moja linalojirudia. Mtoto ana profaili yake ya katuni, kila kitu kimepangwa, halafu saa nne asubuhi anakutwa sebuleni ametulia anaangalia watu wakichinjana. Mzazi anailaumu huduma. Huduma inajibu kwamba udhibiti upo. Wote wana haki, maana tundu haliko kwenye profaili ya mtoto. Liko pembeni yake, kwenye alama ndogo ya kujumlisha inayokaa mwisho wa safu ya "Nani anatazama?"

Mtoto wa miaka saba anajua kuibonyeza. Anaandika jina lolote, hata herufi moja, hagusi kisanduku cha watoto, na kwenye Netflix profaili mpya ya kawaida huanza ikiwa wazi kwa filamu za umri wote. Ya baba ina namba ya siri, ya mama ina namba ya siri, ya mtoto imefungiwa katuni, na hii ya nne isiyo na mwenyewe ina kila kitu. Kwa hiyo hapa sizipangi huduma kwa wingi wa filamu wala kwa ung'avu wa picha. Hayo muuzaji yeyote atakuimbia. Nazipanga kwa swali moja: mtoto akibaki na rimoti peke yake, anaweza kujifungulia mlango mwingine?

1. Netflix, kifurushi cha Standard

Naipendelea Netflix na sifichi. Ina kufuli la alama ile, ila limefichwa mahali ambapo wengi hawafiki. Usihangaike kulitafuta kwenye TV, fungua netflix.com kwenye kivinjari cha simu au kompyuta. Ingia sehemu ya akaunti, kisha profaili, chagua ya mwenye akaunti, halafu fungua sehemu ya kufunga profaili. Utaombwa uthibitishe kwa nenosiri au kwa kodi, yaani namba ya uthibitisho inayotumwa kwa barua pepe au SMS, kisha uweke namba ya siri ya tarakimu nne. Kabla hujahifadhi, tazama chini: kuna kisanduku kinachosema namba hiyo itakiwe pia mtu akitaka kuongeza profaili mpya. Kitie alama. Wengi huweka namba, wakahifadhi, wakaondoka, na kisanduku kikabaki kitupu.

Rudia kufunga kwenye kila profaili ya mtu mzima, hata ya shangazi anayekuja Desemba tu. Moja ikibaki wazi, zile nyingine umezifunga bure. Na kama unataka uhakika zaidi, Netflix inaruhusu profaili tano kwa akaunti. Zijaze zote tano, za ziada zipe namba ya siri, na alama ya kujumlisha haina tena kazi. Ni ujanja wa kienyeji lakini unafanya kazi.

Sasa yanayoharibika baada ya hapo. La kwanza ni kodi ya uthibitisho. Ikiwa barua pepe yako iko wazi kwenye tableti anayochezea mtoto, kodi inamfikia yeye, na kufuli lote linafunguka bila yeye kujua nenosiri. Toa barua pepe yako kwenye kifaa hicho. La pili ni TV yenyewe. TV nyingi za siku hizi hazizimiki, husinzia. Ukimaliza filamu yako saa tano usiku ukabonyeza kitufe chekundu, programu inaweza kubaki imefunguka nyuma, na asubuhi TV ikiamka inarudi palepale, ndani ya profaili yako, bila kuuliza namba. Kabla ya kulala rudi kwanza kwenye orodha ya profaili, au toka kabisa kwenye programu. Mwambie na dada wa kazi afanye hivyo, maana mchana rimoti iko mikononi mwake.

Kuhusu umri: kwa walio chini ya miaka kumi tumia profaili ya watoto, ile yenye mwonekano wake wa pekee. Kwa wa darasa la sita au la saba anayeona katuni ni za wadogo zake, fungua profaili ya kawaida ukaiwekea kikomo cha 13+. Wazazi wa Kenya waliozoea alama za KFCB, bodi ya filamu ya nchi hiyo, yaani GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, wasishangae: madaraja ya Netflix hayalingani nazo moja kwa moja. Kuna pia kizuizi cha jina mojamoja. Kama tatizo ni tamthilia moja tu, andika jina lake kwenye sehemu ya vizuizi ya profaili ya mtoto na itatoweka kwake, hata kwenye utafutaji. Kizuizi kikionekana hakijashika, toka kwenye profaili hiyo uingie upya. Historia ya kutazama nayo iko kwenye akaunti, kila profaili na yake, pamoja na tarehe. Isome mara moja kwa wiki. Utajua zaidi kuliko ukimhoji mtoto.

Kwa nini Standard? Kwa sababu inaruhusu vifaa viwili kwa wakati mmoja. Basic inaruhusu kimoja, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanza: mtoto yuko na tableti chumbani, mama anawasha TV, anaambiwa watazamaji wamezidi. Suluhisho la haraka la kila nyumba ni mtoto kutumia TV ya mama katika profaili ya mama. Premium ina vifaa vinne na picha ya 4K, lakini kwa nyumba ya watu watano yenye TV moja ni fedha ya bure. Kile kifurushi cha simu tu ni rahisi, hakiendi kwenye TV, basi.

Kwa wanaotumia bando, kuna udhibiti mwingine ambao hauitwi udhibiti wa wazazi ingawa ndio unaookoa zaidi. Kila profaili ina mipangilio yake ya matumizi ya data. Kiwango cha chini hula takribani GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, na picha ya HD hufika GB 3 kwa saa. Mtoto wa katuni haoni tofauti. Mwekee cha chini, na papo hapo uzime kipande kinachofuata kuanza chenyewe. Bila hivyo, mtoto amelala kwenye kochi na katuni ya nane inaendelea kula bando.

2. Disney+, kwa walio nje

Wa Dar, Mombasa na Kampala hawaipati huduma hii kwao. Ni ya ndugu walioko London, Toronto, au Muscat, ilikofika Juni 2022. Kwa swali letu inastahili pongezi: kwenye mipangilio ya akaunti kuna kitufe cha kuzuia kuongeza profaili bila nenosiri, na kiko wazi kuliko cha Netflix. Inaruhusu profaili hadi saba. Ina pia kizuizi cha mtoto kutoka kwenye profaili yake ndogo, lakini hicho ni cha kumzuia wa miaka mitatu. Anayejua kusoma hakimsumbui, kwa hiyo profaili za wakubwa lazima ziwe na namba ya siri vilevile. Ningeiweka ya kwanza kama ingekuwa inauzwa huku.

3. YouTube Kids

Ni ya bure, na kwa sababu hiyo wazazi hawaipi dakika tano za kuipanga. Kasoro yake inachekesha: mlango wa mipangilio ya wazazi, usipoubadilisha, unalindwa na swali la kuzidisha. Sita mara nane. Saba mara tisa. Mtoto wa darasa la nne aliyefundishwa vizuri anafunguliwa kwa juhudi zake shuleni! Bonyeza alama ya kufuli pembeni, jibu hesabu hiyo kwa mara ya mwisho, kisha uweke namba yako ya siri ya tarakimu nne.

Ndani yake kuna madaraja matatu: wa miaka minne kushuka chini, wa mitano hadi minane, na wa tisa hadi kumi na mbili. La nne ndilo ninalolishauri kwa wadogo: vilivyoidhinishwa na mzazi tu. Unachagua chaneli na video mwenyewe, na utafutaji unazimika. Ina pia saa ya kuhesabu muda inayofunga programu yenyewe dakika zikiisha, bila wewe kugombana na mtu. Lakini yote haya ni bure kama YouTube ya kawaida imekaa jirani yake kwenye tableti hiyohiyo. Iondoe au uizime.

4. Prime Video

Huduma hii ya Amazon inaruhusu profaili sita. Shida yake ni kwamba vizuizi vya umri unavyoviweka kwenye tovuti hufuata vifaa ulivyovichagua. Ukinunua tableti mpya mwezi ujao, usidhani imejiunga yenyewe. Na vifaa vya Fire TV, vya Amazon hiyohiyo, vina mipangilio yake ya wazazi ndani ya kifaa, ile ya tovuti haivigusi. Nyumba yenye vifaa vitatu ni kazi mara tatu.

5. DStv na king'amuzi chake

Hapa hakuna profaili ya kuongeza, kwa hiyo hakuna alama ya kujumlisha. Kuna namba ya siri ya king'amuzi, na ile ya kiwandani ni 1234. Nyumba nyingi hazijawahi kuibadilisha tangu dishi lilipofungwa. Ibadilishe, kisha uweke kikomo kwenye PG, 13 au 16. Kwa wanaotazama mtandaoni, Machi 2022 DStv ilianza kuruhusu akaunti moja irushe kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kumpa kaka yako wa Mwanza nenosiri ni kununua ugomvi wa Jumamosi jioni.

AzamTV Max, huduma ya mtandaoni ya Azam, watu hununua kwa ajili ya Ligi Kuu ya Tanzania. Anayeitafutia mtoto katuni hapo ameingia duka lisilo lake.

Na wauza nafasi

Tangu Mei 2023 Netflix ilipoanza kubana kugawana nenosiri katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, biashara ya "nafasi" haikufa, ilinenepa. Muuzaji anakutafuta kwenye WhatsApp, anakuuzia profaili moja ndani ya akaunti yake kwa nusu ya bei, na anaapa ni ya mwaka mzima. Unachonunua ni hiki: akaunti iko kwa barua pepe yake, profaili nyingine nne ni za watu usiowajua, na huna nenosiri la kubadilishia chochote. Hutafunga profaili zao. Hutatia alama kile kisanduku. Mwanao anafungua TV na kukuta safu ya majina ya wageni, yote wazi. Mtu aliyekuuzia hana sababu ya kuziwekea namba ya siri, maana kila namba ni simu nyingine ya mteja aliyesahau.

Halafu TV inagoma. Netflix huitambua kaya kupitia TV na intaneti inayotumia. TV yako ikiwa Temeke na ya mwenye akaunti iko Kasarani, utaambiwa haimo katika kaya hiyo. Kodi ya muda, ile ya kuiruhusu TV yako, inakwenda kwake, na inadumu dakika 15. Mtafute hewani Jumapili jioni uone.

Na bei zenyewe zinawasukuma watu huko. Kenya ilipunguziwa Februari 2023, Basic ikatoka shilingi 700 hadi 300, watu wakashangilia. Novemba mwaka huohuo kile kifurushi cha bure cha simu za Android kilichoanza 2021 kikaondolewa. Mtanzania naye anatozwa kwa dola, na benki inabadilisha kwa kiwango inachokijua yenyewe. Asiye na kadi ya benki upande wa Kenya atengeneze kadi ya Visa ya M-Pesa kwa *334#. Ni afadhali mara kumi kuliko kumtumia muuza nafasi.

Mwingine wa kuangaliwa ni fundi anayekuja kufunga TV. Kwa wema wake anakufungulia akaunti palepale kwa barua pepe aliyonayo mfukoni, na wewe unalipa kila mwezi akaunti ambayo mwenyewe kisheria ni yeye. Ukikuta ndivyo, ingia kwenye akaunti ubadilishe barua pepe na namba ya simu ziwe zako, kisha nenosiri, na wakati wa kulibadilisha uchague kutoa vifaa vyote. Fuata mpangilio huo. Ukitoa vifaa kwanza kabla ya kubadilisha nenosiri, waliokuwamo wataingia tena kabla hujaketi. Baadaye fungua orodha ya vifaa vilivyoingia karibuni. Ukiona TV ambayo si yako, itoe hiyo moja. Na kama fundi aliacha akaunti ya Google ya duka ndani ya TV, ifute uweke yako, la sivyo kikomo cha umri cha Play Store kitabaki mikononi mwa duka.