Tahadhari: kifurushi cha "kalamu orijino na Photoshop ya maisha" kinachozungushwa Kisumu na Nakuru

Wachoraji, wabunifu wa mabango na wanafunzi wa usanifu, kuanzia Kisumu na Maseno hadi Kakamega, Nakuru na Njoro: kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Picha ni ya kalamu nyeupe ya iPad ndani ya boksi lake, na maneno ni "orijino, inafanya kazi na iPad zote, juu yake unapata Photoshop ya maisha na Procreate, 4,500 tu". Mzigo unatumwa kwa basi, pesa zinatangulia. Jina la muuzaji hatuliandiki kwa sababu analibadilisha kila mara, pamoja na laini ya simu. Mbinu yake ndiyo haibadiliki.

Anza na hayo maneno "iPad zote". Hapo tayari amejifichua, maana Apple, watengenezaji wa iPad, hawajawahi kutoa kalamu inayokubaliwa na iPad zote. Apple Pencil ya kwanza, ya mwaka 2015, huchajiwa kwa kuchomekwa. Ya pili, ya 2018, hushika kwa sumaku ubavuni mwa iPad na kuchaji papo hapo. Ile ya USB-C ya 2023 ina kifuniko kinachoteleza, na ndani yake ndipo kebo inapoingia. Pencil Pro ya 2024 huhisi ikiminywa na vidole. iPad ya kizazi cha 9 inakubali ya kwanza peke yake. Ya kizazi cha 10 inakubali ya kwanza, kwa kutumia adapta, na ile ya USB-C. Pencil Pro inataka iPad Pro au Air za kuanzia 2024, au mini iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo. Kalamu inayojigamba kuandika popote ni ya kuiga, ambayo kazi yake kubwa ni kuijulisha iPad ncha iko wapi.

Kalamu ya kuiga si haramu. Ikiuzwa kwa jina lake na bei yake, inatosha kabisa kuandikia maelezo ya darasani au kutia alama kwenye hati. Ubaya ni kuipandisha cheo. Kwa mchoraji, kinachokosekana ndicho alichokuwa akinunua: kuhisi nguvu ya mkono.

Jaribio lake ni la dakika moja. Fungua programu ya kuchora, chagua brashi ya wino, chora mstari mmoja wa urefu wa kiganja, polepole, ukihesabu hadi kumi. Anza kwa kugusa kioo kidogo tu, katikati kandamiza, malizia umelegeza. Kalamu inayohisi nguvu itakupa mstari unaoanza mwembamba, unanenepa tumboni, kisha unakonda. Ya kuiga itakupa unene ule ule mwanzo hadi mwisho.

Muuzaji akishika kalamu mwenyewe ili akuonyeshe, tazama mkono wake. Atapiga mistari ya harakaharaka yenye miisho iliyochongoka, na utadhani kalamu inahisi nguvu. Lakini Procreate, programu ya kuchora ya iPad, ina mpangilio unaochonga miisho ya mstari hata ukichora kwa kidole. Miisho haithibitishi chochote, angalia tumbo. Akiilaza kalamu ili kivuli kipanuke, hilo nalo ni jambo lingine: kalamu nyingi za kuiga huhisi kuinamishwa bila kuhisi nguvu.

Jaribio hilo lina kasoro moja. Ile Apple Pencil ya USB-C, hata ikiwa halisi kabisa, haihisi nguvu. Kwa hiyo kuna wanaokuuzia hiyo halisi kwa bei ya Pro, na boksi halina kosa. Soma jina lililoandikwa juu ya boksi, usisome tangazo. Dalili nyingine ni hizi: kalamu ya Apple haina kitufe cha kuwasha wala taa, na zile za kuiga nyingi huwashwa kwa kugusa kichwa chake, kisha taa ndogo inawaka. Chukua pia rula, uchore mstari wa mshazari taratibu. Ukiona mawimbi madogomadogo kama ngazi, hiyo si ya kuchorea.

Na bei. Ya USB-C ilitoka ikiuzwa dola 79 huko Marekani, yaani kama shilingi elfu kumi, kabla ya usafiri na ushuru. Elfu nne na mia tano kwa mpya, na programu juu, haiwezekani kihesabu.

Kwa wenye Samsung, S Pen halisi inaonekana kabla haijagusa kioo: ilete karibu, kama sentimita moja, na kialama kitatokea kikifuata ncha. Kisipotokea, umepewa kijiti. Kwa wenye vibao vya kuchorea vya Wacom, Huion au XP-Pen, usinunue kibao cha mitumba kisicho na kalamu yake ukitumaini kuipata baadaye. Kalamu huendana na modeli, na ya modeli moja mara nyingi haiongei na nyingine hata kama kampuni ni ile ile.

Sasa nusu ya pili ya kifurushi, ambayo ndiyo mbaya zaidi, maana kalamu ikikudanganya umepoteza pesa tu.

Photoshop kamili ya maisha haiuzwi. Adobe, wenye Photoshop, walihamia malipo ya usajili mwaka 2013, na CS6 ndilo toleo la mwisho lililouzwa kwa leseni ya kudumu. Anayekupa toleo jipya "la maisha" anakupa kimoja kati ya viwili: programu iliyovunjwa kufuli, au akaunti ya mtu mwingine.

Iliyovunjwa kufuli huja na maagizo ya kuzima kinga ya virusi kwanza. Ukiambiwa hivyo, simama. Programu za wizi zinazofichwa humo hazigusi michoro yako. Hunyakua nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na zile faili zinazokuweka umeingia kwenye barua pepe bila kuulizwa tena. Kama umeshaiweka, kata intaneti kwenye hiyo laputopu, chukua simu, badilisha nenosiri la barua pepe kutoka huko, kisha chagua kujiondoa (log out) kwenye vifaa vyote. Kubadilishia kwenye laputopu ile ile ni kumpa mwizi nenosiri jipya. Baada ya hapo weka Windows upya. Kufuta programu peke yake hakutoshi.

Akaunti ya mtu mwingine huharibika kwa njia mbili. Akaunti binafsi ya Adobe huruhusu kuwa umeingia kwenye kompyuta mbili. Muuzaji akiigawa kwa watu ishirini, mnaanza kutoana: wewe unaingia, wa Nakuru anatolewa, naye akirudi unatolewa wewe, saa nane usiku na mteja anasubiri bango. Njia ya pili ni nafasi ya kampuni au shule, ambapo msimamizi akikagua orodha na kukuta barua pepe asiyoijua, anaifuta. Canva Pro (ya kubuni mabango mtandaoni) ya mia tatu ni mchezo huo huo: unaalikwa kwenye timu ya mtu, na ulichobuni ndani ya timu kinabaki ndani ya timu siku ukiondolewa. Pakua kazi zako leo, usingoje.

Procreate ni kisa cha peke yake. Haina usajili, hununuliwa mara moja kwenye App Store kwa dola kama 13, na ni ya iPad, kwa hiyo anayekuuzia "Procreate ya Android" au ya Windows hana kitu. Kwa wenye iPad, muuzaji hutoa Apple ID yake, yaani akaunti yake ya Apple, na kukuambia uingie nayo kwenye mipangilio. Usithubutu. Ukiingia hapo, iPad inahesabiwa kuwa yake: anaweza kuifunga kutoka mbali kama iliyopotea, halafu anakudai pesa ili aifungue. Hilo si tatizo la programu tena, ni kifaa chote kimeshikwa mateka.

Kuna pia anayejifanya mwema: anakusajili Adobe kwa kadi yako mwenyewe, mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi, ila neno "mwaka" halitamki. Ukighairi baada ya siku 14, unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Umetumia mitatu, imebaki tisa, basi unalipa sawa na minne na nusu bila kutumia chochote. Serikali ya Marekani, kupitia tume ya biashara FTC, iliwashtaki Adobe Juni 2024 kwa kuificha tozo hiyo, kwa hivyo usione aibu kama nawe hukuiona. Soma mstari ulio chini ya bei kabla ya kubonyeza.

Asiye na pesa ya usajili aanze na Krita. Ni ya bure kwenye tovuti yake, inahisi nguvu ya kalamu vizuri, na haikuombi nenosiri la mtu.

Kuhusu malipo: usitume kabla ya kuona. Ukiambiwa "lipa ukipokea", uliza kama utaruhusiwa kufungua mzigo pale ofisi ya basi na kufanya jaribio la mstari, maana boksi lililofungwa kwa gundi halina tofauti na kulipa mbele. Jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujathibitisha lilinganishe na jina la duka. Akisema "hiyo ni ya dada yangu", ghairi.

Kama pesa zimeshaenda, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 dakika hiyo hiyo. Urejeshaji hufaulu pesa zikiwa bado zipo kwenye laini ya muuzaji; akishazitoa, inabaki polisi. Usimtukane wala usimtishie, atakuzuia na mazungumzo yatakatika. Yahamishe yote kwanza nje ya WhatsApp pamoja na picha ya tangazo, nambari yake na risiti ya basi, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukachukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Kalamu yenyewe na boksi lake usivitupe wala kumrudishia, hata akisema atakutumia nyingine.