Tawi ya kenkina na lene ya mabaki: kitambaa cha ukuta nilinunua Kadutu

Ni mwezi ya tatu sasa hii kitu inaning'inia ku ukuta ya salo yetu hapa Bukavu, kila mugeni akiingia anauliza mulitoa wapi, basi afazali niandike mara moja. Ni kitambaa cha kusuka na mukono, kinafungwa ku tawi ya muti, urefu santimetre 60 upana 40. Nilinunua kwa mama mumoja wa Kadutu mwenye anasukaga ma triko ya batoto. Na huku kwetu, na hii baridi ya asubui, mutoto muchanga hatoke nje bila triko, kwa hiyo kazi haikose, na kila triko inabakisha kamupira ka lene, ile uzi ya kusukia triko, kenye hakatoshe hata mukono moja. Ile mipira njo anasukia hivi bitambaa. Yangu iko na nyeupe, rangi ya udongo, na ile buluu ya triko ya masomo.

Tawi yenyewe njo ilinishika roho. Ni kenkina, ile muti yenye ganda yake inatoka kinini ya malaria, mashamba yake iko huku milimani tangu wakati ya Babeleji. Bakisha kutoa ganda, muti inabakia uchi, bengi banachoma tu mu ziko. Yeye anachukua matawi yenye kukauka kabisa, anasugua na papie vere, ile karatasi ya kulainisha mbao, mpaka ukipitisha mukono haikukwaruze. Na kukosa ganda ni faida kubwa, juu mwaka jana nilinunua ingine fasi ingine, tawi na ganda yake, ku macho ilipendeza sana, kisha nikaanza kukuta unga unga ku simenti kila asubui, kumbe badudu balikuwa mu ndani banakula. Nilitupa yote na kitambaa.

Sasa mimi nikinunua, kwanza ninageuza mugongo. Hii, mancha ya nyuzi zote zimefichwa mu ndani, hakuna yenye inaning'inia ovyo. Nyuzi za kusimama ni pamba, haiko lene, na nilipomuuliza alisema lene inavutika, kitambaa kingeshuka chini kidogo kidogo. Pembeni pia iko sawa toka juu mpaka chini. Bale bahana pole pole banavutaga uzi sana, katikati kitambaa kinafanya kiuno. Yeye uzi anaulaza kwanza kama mugongo ya kilima, kisha njo anaugongagonga na fursheti. Nilikaa pale karibu saa nzima namuangalia, sikuchoka.

Kitu moja haikunipendeza: hakuniambia kama alichanganya lene ya kweli na ile ya plastiki. Nilifua na maji ya moto, fasi nyeupe ikajikunja, zingine zikabakia vile vile. Nilimurudishia, akafungua ile fasi akasuka upya, bila kuniomba hata franka, na akanionyesha vile banapima: unachoma kauzi kamoja, ikinuka kama nywele ya kuungua ni lene ya kweli, ikiyeyuka ikafanya kadonge kagumu ni plastiki. Basi mukinunua, maji ya baridi tu, ao mukung'ute vumbi nje.

Bei ni dola 15. Najua bamoja batasema ni kali juu ya mabaki, lakini ni siku ine ya mutu kuinama, na mwenye kununua lene mupya njo anajua bei yake. Rangi huwezi chagua sana, unangojea yenye itabakia; yaya yangu wa Goma anataka njano, anangoja mwezi ya pili huu.

Na anafunguaga pia triko ya zamani kama iko nzima. Mimi nimemupelekea ile mutoto wetu wa kwanza alivaa siku tulitoka ku materniti, sasa iko na myaka tisa mu valizi. Alishaanza kuifungua mbele yangu, uzi ilikuwa ingali na mikunjo yake.