Kanuni ya NFL kuhusu usaili wa makocha wasaidizi: nyota tatu kati ya tano

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani. Ni kanuni iliyopitishwa Mei 2020 na wamiliki wa timu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, inayoikataza timu kumzuia kocha msaidizi wake asifanyiwe usaili pale timu nyingine inapomtaka kwa dhati awe mratibu, yaani kocha anayesimamia upande mmoja wa mchezo chini ya kocha mkuu: wa mashambulizi, wa ulinzi au wa timu maalumu (kikosi cha mipira ya kupigwa teke). Kanuni hiyo hutumika tangu msimu wa kawaida unapomalizika hadi Machi 1. Mlengwa ni kocha ambaye mkataba wake haujaisha na ambaye, kabla ya hapo, mwajiri wake akishasema hapana, mambo yalikuwa yamekwisha.

Ili kuipima, ni lazima kukumbuka jinsi makocha walivyokuwa wakibaniwa. Januari 2017 Philadelphia Eagles waliwakatalia New York Jets ruhusa ya kumsaili John DeFilippo, kocha wa makwotabeki, yaani wachezaji wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi. Mwaka uliofuata New York Giants walimtaka Kevin Stefanski, aliyekuwa na kazi ya namna hiyohiyo Minnesota Vikings na aliyekuwa ameitumikia timu hiyo tangu 2006. Kocha mkuu mpya wa Giants, Pat Shurmur, alikuwa ametoka kuwa mratibu wa mashambulizi wa Vikings, kwa hiyo alijua vizuri anamwita nani. Vikings wakakataa. Kisha kiti alichokiacha Shurmur, ambacho mtu angetegemea kipewe huyo waliyemng'ang'ania, wakampa DeFilippo, aliyekuwa ametoka kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, akiwa na Eagles.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2018 DeFilippo alifukuzwa, Stefanski akashika nafasi yake, na Januari 2020 akawa kocha mkuu wa Cleveland Browns, ambako msimu wake wa kwanza ulimpa tuzo ya kocha bora wa mwaka. Wapo watakaosema kwamba, kumbe, kuzuiwa kulimfaa. Mimi siikubali hoja hiyo, kwa kuwa waliomzuia hawakuwa wamemwekea akiba yoyote. Mlango ulimfungukia kwa sababu tu mwenzake aliteleza. Mwaka 2019 San Francisco 49ers nao walimwekea kauzibe Mike LaFleur, aliyekuwa akihitajika Green Bay Packers na kaka yake wa damu, Matt, kocha mkuu mpya wa huko.

Kwa visa vya aina hiyo, kanuni mpya inafanya kazi iliyokusudiwa, na hapo naipa alama zote. Hata utaratibu wa kutatua migogoro ni mwepesi: timu zikibishana iwapo kazi inayotolewa ni ya kweli, kamishna wa ligi huamua na uamuzi wake ni wa mwisho. Wepesi huo una gharama yake, lakini, maana kamishna huchaguliwa na wamiliki haohao, na kocha msaidizi hana kura.

Kasoro kubwa ni kwamba kanuni inasoma jina la cheo badala ya kazi yenyewe. Katika mchezo huu, uzito wa mratibu wa mashambulizi hutegemea kama yeye ndiye anayechagua mbinu ya kila shambulizi mchezo ukiendelea, au kama kocha mkuu ameishikilia kazi hiyo mwenyewe. Mratibu asiyechagua mbinu akiitwa na timu itakayomkabidhi jukumu hilo, ligi huhesabu kuwa anatoka cheo kimoja kwenda cheo hichohicho, na mwajiri wake anaweza kumzuia kama zamani. Kwake yeye huko ni kupanda ngazi kabisa.

Kasoro ya pili ni ya fedha. Wapenzi wa soka watakumbuka kwamba Arsenal walipomchukua Mikel Arteta, kocha msaidizi wa Manchester City, Desemba 2019, walilipa fidia. City hawakufurahi, lakini hawakubaki mikono mitupu. NFL iliongeza Novemba 2020 kifuta machozi kwa timu inayompoteza kocha wa jamii za wachache anayekwenda kuwa kocha mkuu kwingine, ambayo hupewa nafasi za ziada katika raundi ya tatu ya uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya. Kocha anapoondoka kwenda kuwa mratibu, timu iliyomlea haipati kitu, na sishangai kwamba inatafuta kila upenyo wa kumbakiza.

Nyota ya nne ningeiongeza siku ambayo kamishna, kabla ya kukubali ombi la kumzuia mratibu, ataiuliza kila timu ni nani anayechagua mbinu siku ya mchezo.