Handaki la Churchill mjini London: Kaeni Chumba cha Ramani

Ndugu watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli yetu, kutoka hapa Dodoma. Leo tunachambua Churchill War Rooms, handaki la vita lililo chini ya jengo la serikali mjini London, ambalo lilianza kazi Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kutangazwa, na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1984. Habari za Churchill mwenyewe mnazijua, kwa hiyo nazipita.

Chumba cha Ramani ndicho kilichonikamata. Maofisa wa nchi kavu, wa majini na wa anga walipokezana zamu humo usiku na mchana, hadi tarehe 16 Agosti 1945 taa zilipozimwa na ramani zikaachwa ukutani. Nasogeza picha karibu. Itazameni vizuri Bahari ya Atlantiki. Hayo yote ni matundu ya pini. Msafara wa meli uliwekewa pini yake, na taarifa mpya ilipofika pini ikachomolewa na kuchomekwa mbele kidogo, mpaka karatasi, kwenye njia zilizopitwa mno, ikawa kama chekeche. Angalieni hapa, na hapa tena.

Kwa sisi wajukuu wa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, matundu haya yanagusa. Februari 1944, katika bahari yetu ya Hindi, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa katika msafara kutoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa Afrika Mashariki.

Kwa uimara, Lascaris, makao ya vita ya kisiwani Malta yaliyochimbwa ndani ya mwamba, yanalishinda handaki hili, ambalo licha ya zege lililoongezwa juu yake lisingehimili bomu kubwa likilipiga moja kwa moja. Kiingilio nacho ni ghali, hasa ukikipiga kwa shilingi. Nilitaka kusema kimezidi, lakini kwa chumba hiki kimoja nakubali kulipa. Nendeni asubuhi, mpite moja kwa moja hadi kwenye ramani kabla ya makundi kufika. Makumbusho ya maisha ya Churchill yanaweza kusubiri.

Kipindi kijacho tutakuwa Kondoa, walikopigana Wajerumani na majeshi ya Afrika Kusini mwezi Mei 1916. Wenyeji mliosimuliwa na wazee, tuandikieni mapema.